Kupika chakula cha Kithai nyumbani: mwongozo kamili kwa aliyezoea tui, ukwaju na kinu

Mtu aliyekulia kwenye jiko la mwambao anaijua nusu ya jiko la Thailand kabla hajasoma pishi hata moja. Nazi anaikuna na kuikamua mwenyewe, ukwaju anaujua, mchaichai umeota nyuma ya nyumba, pilipili kichaa haimtishi, na kinu kipo. Ndiyo maana naona ni hasara kwamba wengi wetu tunakijua chakula hiki kwa kukilipia hotelini tu, wakati vitu vingi vinavyohitajika viko sokoni kwetu kwa bei ya kawaida.

Yanayotutenganisha na mpishi wa Kithai ni mambo mawili. La kwanza ni tui. Sisi tumefundishwa tangu utotoni kulikoroga mfululizo ili lisikatike. Yeye, anapoanza mchuzi wake, analiacha likatike kwa makusudi. La pili ni kuonja. Sisi tunakolea chumvi mapema na ndimu tunamwachia mlaji mezani. Yeye husawazisha chumvi, utamu na uchachu mwenyewe, dakika za mwisho, chungu kikiwa kinaepuliwa. Ukishika hayo mawili, yaliyobaki ni kununua na kukata.

Thailand ina majiko manne

Chakula kinachouzwa duniani kwa jina la Kithai kimetoka zaidi Bangkok na uwanda wa mto Chao Phraya: wali mweupe, michuzi ya nazi, vyakula vya kukaanga kwa moto mkali. Ukienda kaskazini mashariki, eneo la Isan linalopakana na Laos, nazi karibu inatoweka kwenye mboga. Watu wanakula mchele wa kunata, kuku wa kuchoma na saladi ya papai bichi. Kaskazini, upande wa Chiang Mai, mchele wa kunata unaendelea, na kuna khao soi, tambi kwenye mchuzi wa nazi wenye viungo. Kusini, kuelekea Malaysia, manjano inatawala, pilipili inapanda, na mikoa ya Pattani, Yala na Narathiwat wakazi wake wengi ni Waislamu.

Nimeyataja haya kwa sababu ya kazi: usitie tui kwenye kila kitu ukidhani ndiyo ladha ya Thailand. Tom yam, supu chachu yenye pilipili, ile halisi ya maji haina nazi, na som tam, ile saladi ya papai bichi, ukiitia nazi umeiharibu.

Pilipili yenyewe si ya huko. Ilitoka Amerika, na Wareno ndio wanaotajwa kuifikisha. Walifika Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, mwaka 1511, miaka 13 tu baada ya Vasco da Gama kupita Mombasa na Malindi. Kabla ya hapo ukali ulitokana na pilipili manga na mizizi kama tangawizi, na hadi leo pilipili manga nyeupe haikosekani kwenye rojo la viungo la Kithai.

Vitu vya kununua, na vile ulivyonavyo tayari

Kitu kimoja hakina mbadala wa kweli: sosi ya samaki, ambayo dukani utaiulizia kwa jina la nam pla. Ni samaki wadogo wa jamii ya dagaa wa baharini waliopangwa na chumvi, wakaachwa miezi mingi, mara nyingi mwaka na zaidi, kisha maji yake yakachujwa. Chagua yenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea, inayopitisha mwanga, na lebo isiyotaja zaidi ya samaki, chumvi na pengine sukari. Ukifungua chupa harufu itakushtua. Usihukumu hapo, ikishaingia kwenye moto harufu inaondoka na inabaki ladha. Maduka ya vyakula vya Asia Nairobi na Dar es Salaam wanayo, na kwa walioko Muscat, Dubai, London au Toronto ni kitu cha supamaketi ya kawaida. Nunua chupa moja, itakutosha kwa muda mrefu.

Kapi ni uduvi uliotiwa chumvi, ukasagwa na kuvundikwa mpaka ukawa rojo zito la kahawia. Ukiikosa, chukua uduvi mkavu kijiko kikubwa kimoja, ukaange bila mafuta mpaka unukie, utwange laini na chumvi kidogo. Haitakuwa ileile, lakini mchuzi utakuwa na uzito.

Mchaichai tunao, ila tunautumia vingine. Kwetu majani ndiyo ya chai. Mthai anataka shina, ile sehemu nyeupe ya chini yenye urefu wa kidole cha kati. Kwa hiyo unapokwenda bustanini usikate majani kwa kisu juu juu. Shika bua chini kabisa, livunje au ling'oe na kitako chake, menya maganda mawili matatu ya nje mpaka ufike kwenye moyo laini wenye rangi ya zambarau kidogo. Mchaichai wa majumbani kwetu mara nyingi una mashina membamba, basi pale nitakaposema mawili, tia manne.

Galanga inafanana na tangawizi kwa sura, ila harufu yake ni ya ukali safi, inakaribia utomvu wa msonobari. Mbichi au ya kugandishwa utaipata kwenye maduka ya Asia. Kavu huuzwa na wenye dawa za asili na za Kiarabu kwa jina la khulinjani. Ile kavu inafaa kwa supu tu, haitwangiki. Tangawizi ikitumika badala yake, tia nusu ya kipimo, maana utamu wake hufunika vingine.

Majani ya mdimu wa makrut ndiyo yanayotoa ile harufu ambayo mtu akiinusa anasema hiki ni cha Thailand. Yanakaa vizuri sana kwenye friza, hivyo ukiyakuta nunua mengi. Usipoyapata, tumia ganda la kijani la ndimu lililoparuzwa bila ule weupe wa ndani, pamoja na majani mawili machanga ya mlimau.

Majani mabichi ya rehani yapo ya aina mbili kwenye mapishi haya. Ya mchuzi wa nazi ni horapha, yenye harufu tamu inayokaribia shamari. Rehani yetu ya kawaida inaishikilia nafasi hiyo vizuri. Ya kukaangia nyama ni kaphrao, kali, yenye harufu ya karafuu. Huo ni mmea uleule ambao familia za Kihindu za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hupanda kwenye chungu mlangoni na kuuita tulsi. Kwao ni mmea wa ibada, kwa hiyo omba mbegu uoteshe wako, usichume wao. Wakati unasubiri uote, changanya rehani na majani machache sana machanga ya kivumbasi.

Kotmiri, au dania kama wanavyoita Kenya, inunue na mizizi yake. Wauzaji wengi hukata mizizi na kuitupa, mwambie akuachie. Mizizi hiyo ikitwangwa na kitunguu saumu na pilipili manga nyeupe ndiyo msingi wa mapishi mengi ya Kithai, kuanzia nyama ya kuchoma mpaka supu.

Yaliyobaki ni mepesi. Sukari ya mnazi badala yake ni sukari guru. Biringanya ndogo za kijani badala yake ni ngogwe changa, ukizikubali na uchungu wake kidogo. Mchele wa jasmini ni mzuri, lakini mchele wa Kyela wenye harufu yake unautosha kabisa. Ukwaju: loweka gramu 50 zisizo na kokwa kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, finyanga, chuja, upate rojo zito.

Vyombo

Karai la chuma, lile la kukaangia maandazi, ndilo wok lako, yaani karai la Kiasia la kukaangia. Lina tumbo la mviringo na linashika moto. Jiko la mkaa lililokolea linafaa zaidi kwa kukaanga kuliko jiko la umeme, kwa sababu chakula hiki kinataka moto mkali wa muda mfupi. Kwa michuzi, sufuria pana isiyo ndefu. Kwa rojo la viungo, kinu cha jiwe kama unacho. Cha mbao kinafanya kazi, ila kitataka nguvu zaidi na kitabaki na harufu, kwa hiyo usitwangie iliki ya chai humo.

Pishi la kwanza: pad kaphrao

Anza na hili. Ni nyama ya kusaga iliyokaangwa na pilipili, kitunguu saumu na majani, juu ya wali na yai. Mjini Bangkok ni chakula cha mchana cha mtu mwenye haraka. Kwa watu wawili: nyama ya ng'ombe au kuku ya kusaga gramu 300, punje 6 za kitunguu saumu, pilipili kichaa 5 hadi 8, mafuta vijiko vikubwa 3, sosi ya chaza kijiko kikubwa 1, nam pla kijiko kikubwa 1, sosi ya soya na sukari kijiko cha chai kimoja kimoja, na majani ya kaphrao viganja viwili vilivyojaa.

1. Pika wali kwanza, bila chumvi na bila mafuta. Utaona kwa nini ukianza kula: chumvi yote iko kwenye mboga.
2. Changanya sosi zote na sukari kwenye kibakuli, uweke karibu na jiko. Moto ukishawaka hakuna muda wa kufungua vifuniko.
3. Twanga pilipili na kitunguu saumu pamoja, vivunjike tu, visiwe rojo.
4. Pasha mafuta kwenye karai mpaka yaanze kufuka. Kaanga mayai mawili, moja moja, ukiyamwagia mafuta ya moto juu kwa kijiko, mpaka kingo ziwe kahawia na zikauke, kiini kikiwa bado laini. Yatoe.
5. Kwenye mafuta yaliyobaki tia pilipili na kitunguu saumu. Sekunde 20 zinatosha. Fungua dirisha kabla, maana moshi huo utakohoza nyumba nzima.
6. Tia nyama, itandaze, iache ishike rangi upande mmoja ndipo uigeuze na kuivunjavunja. Ikitoa maji, moto wako ni mdogo, subiri yakauke.
7. Mimina sosi, geuza dakika moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya maji ili kuwe na unyevunyevu wa kulowanisha wali.
8. Epua. Tia majani yote nje ya moto, geuza mara tatu nne, pakua.

Majani yakipikwa juu ya moto huwa meusi na kupoteza harufu, na harufu yake ndiyo jina la chakula chenyewe. Usipunguze viganja viwili hivyo ukadhani ni mapambo.

Supu: tom yam kung

Desemba 2024 UNESCO iliiingiza tom yam kung kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kuipika ni nusu saa.

Chukua kamba wakubwa gramu 400 wenye vichwa. Vichwa ndivyo vyenye ladha, usikubali muuza samaki avitupe. Ng'oa vichwa, menya miili, weka miili pembeni. Kaanga vichwa kwenye kijiko kimoja cha mafuta, ukivikandamiza na mwiko mpaka mafuta yageuke rangi ya chungwa. Ongeza lita 1.2 ya maji, chemsha taratibu dakika 15, chuja.

Rudisha supu motoni na mashina 3 ya mchaichai yaliyopondwa kwa mpini wa kisu na kukatwa vipande virefu, vipande 6 vya galanga, majani 5 ya makrut yaliyochanwa kwa mkono. Dakika tano. Tia uyoga gramu 200, kisha vijiko vikubwa 3 vya nam pla. Tia kamba, wakigeuka rangi na kujikunja, dakika moja au mbili tu, epua. Hapo ndipo unatia pilipili kichaa zilizopondwa na maji ya ndimu vijiko vikubwa 4.

Ndimu haichemshwi. Ikichemka, ile harufu yake ya juu inapotea na uchungu unabaki. Hii ni kanuni kwa vyakula vyote vya Kithai vyenye ndimu, na ndiyo sababu supu inaonjwa ikiwa imeshaepuliwa. Waambie wageni mapema kwamba mchaichai, galanga na majani magumu hayaliwi, yanasukumwa pembeni.

Kuonja

Mpangilio wangu ni huu: chumvi kwanza, kwa nam pla, kisha utamu, uchachu mwisho. Chumvi ikiwa haijakaa sawa, ndimu yoyote utakayotia itaonekana kali kupita kiasi. Onja kwa kijiko chenye punje chache za wali, kwa sababu mboga itakayoliwa na wali usio na chumvi lazima yenyewe izidi kidogo.

Ikizidi chumvi, tui au maji ya ndimu vitasaidia kuliko sukari. Ikizidi uchachu, sukari guru kiasi cha ncha ya kijiko, tena nam pla matone machache. Ikiwa imepooza na hujui kinachokosekana, karibu kila mara ni nam pla. Pilipili ikizidi hairudi nyuma, ongeza wali. Na utamu usiufanye kuwa ladha ya kwanza. Migahawa mingi ya Kithai nje ya Thailand imezoesha watu mchuzi mtamu kama kitindamlo, na ukipika mwenyewe una nafasi ya kuondokana na hilo.

Mchuzi wa kijani, kuanzia kinu hadi sahani

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nataka ukae. Ukiujua huu, mchuzi mwekundu na ule wa massaman ni mabadiliko ya viungo tu.

Rojo la viungo, kwa watu wanne. Kaanga bila mafuta kijiko kikubwa kimoja cha mbegu za giligilani na kijiko cha chai kimoja cha binzari nyembamba mpaka zinukie, zitwange pamoja na nusu kijiko cha chai cha pilipili manga nyeupe, uweke kando. Kwenye kinu kilekile tia pilipili kichaa za kijani 10, pilipili ndefu za kijani 4 kwa ajili ya rangi, na kijiko cha chai kimoja cha chumvi ya mawe. Chumvi inasaidia kusaga. Twanga mpaka maganda yasionekane. Kisha ingiza kimoja kimoja, kigumu kwanza na chenye maji mwisho: mashina 2 ya mchaichai yaliyokatwa nyembamba sana, kipande cha galanga ukubwa wa pingili ya kidole gumba, kijiko cha chai cha ganda la ndimu, mizizi 4 ya kotmiri, punje 6 za kitunguu saumu, vitunguu maji vyekundu vidogo 5, na mwisho kijiko cha chai cha kapi pamoja na zile mbegu zilizosagwa.

Usitie kinachofuata kabla cha kwanza hakijalainika. Kitunguu kikiingia mapema kinaleta maji, mchi unaanza kuteleza, na nyuzi za mchaichai hazisagiki tena. Itachukua nusu saa hivi. Ukitumia blenda, ongeza tui vijiko viwili vitatu badala ya maji, maana rojo lenye maji linachemka wakati wewe unataka likaangike.

Tui. Zikune nazi mbili kwenye mbuzi, upate machicha mengi meupe. Tia nusu kikombe tu cha maji ya uvuguvugu, finyanga, kamua kwa kifumbu: hilo ni tui zito, unahitaji kikombe kimoja. Rudia kwa maji vikombe viwili upate tui jepesi. Tui la kukamua linakatika kwa urahisi. La kopo au la pakiti mara nyingi limetiwa vitu vya kulishikilia lisitengane, ndiyo maana wengi wanaopika kwa kopo wanangoja mafuta yasiyokuja. Ikiwa huna jingine, soma lebo utafute lenye nazi na maji tu, au saidia kwa kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi.

Kulikata. Mimina tui zito kwenye sufuria pana, moto wa wastani, bila kifuniko. Pinga hamu ya kulikoroga mfululizo. Pitisha mwiko mara mojamoja tu lisishike chini. Mwanzoni litatoa mapovu makubwa na mvuke mwingi. Baada ya dakika tano hivi litakuwa zito na mapovu yatakuwa madogo, yenye kupasuka polepole. Kisha sauti itabadilika: badala ya kuchemka utasikia kukaanga. Tazama kingoni mwa sufuria, utaona mafuta maangavu yamejitenga na weupe. Kwa mpishi wetu wa mchuzi wa nazi hapo ndipo angesema ameharibu. Kwa pishi hili ndiyo umefika.

Tia rojo lote la viungo ndani ya mafuta hayo, ulikaange ukikoroga dakika nne hadi tano. Mwanzo litanuka ubichi wa vitunguu. Endelea mpaka harufu hiyo iondoke, pua ianze kuwasha, na mafuta yanayojitenga yawe ya kijani. Hatua hii ndiyo inayofanya mchuzi uwe na kina. Rojo lililotupwa kwenye tui linalochemka linabaki na ladha mbichi hata ukipika saa nzima.

Sasa kuku. Mapaja ya kuku wa kisasa gramu 500, bila mifupa, yaingie moja kwa moja, yageuzwe kwenye rojo dakika mbili, kisha tui jepesi lote. Kuku wa kienyeji ni mtamu zaidi, ila lazima umchemshe kwanza peke yake kwenye tui jepesi mpaka alainike, ndipo aje hapa na mchuzi wake. Kikichemka, tia ngogwe 8 zilizokatwa mara nne na majani 4 ya makrut. Acha sufuria wazi. Ngogwe zikiiva, tia nam pla vijiko vikubwa 2 na sukari guru kijiko kikubwa 1, onja, rekebisha. Epua, zamisha kiganja cha rehani na vipande vya pilipili nyekundu.

Mchuzi utakuwa mwepesi kuliko mchuzi wetu wa nazi, na juu yake yataelea madoa ya mafuta ya kijani. Ni sawa hivyo. Usiuongezee unga wala nyanya.

Massaman, mchuzi wenye iliki na karafuu

Huu unahusishwa na wafanyabiashara Waislamu waliofika Siam, jina la zamani la Thailand, na unapikwa zaidi kwa ng'ombe au kuku. Viungo vyake mwambao unavijua kwa harufu. Rojo lake ni kama la juu, ila badala ya pilipili mbichi tumia pilipili ndefu nyekundu kavu 8, zilizotolewa mbegu na kulowekwa, na kwenye zile mbegu za kukaanga ongeza karafuu 4, iliki 4, kijiti kifupi cha mdalasini na kungumanga kidogo. Vitunguu na kitunguu saumu vichome na maganda yake kwenye jiko mpaka viungue nje, ndipo uvitwange.

Chemsha gramu 700 za nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo kwenye tui jepesi mpaka ilainike, saa moja na nusu au mbili. Kata tui zito, kaanga rojo, unganisha na nyama na mchuzi wake. Tia viazi mviringo 3, vitunguu vidogo vizima, karanga zilizokaangwa kiganja kimoja. Viazi vikiiva, rekebisha kwa nam pla, rojo la ukwaju vijiko vikubwa 3 na sukari guru vijiko 2. Uchachu wa ukwaju, tofauti na ndimu, unavumilia moto, kwa hiyo unaweza kuutia ungali unachemka. Uache mchuzi ulale usiku mmoja. Kesho yake ni mzuri zaidi.

Som tam

Papai liwe bichi kabisa, ndani jeupe, kokwa nyeupe. Limenye, lioshe utomvu, lishike kwa kiganja kimoja, kisha likatekate kwa kisu kirefu mistari ya karibu karibu na ulichonge. Nyuzi zitaanguka zenye unene tofauti, na huo ndio utamu wake kuliko zile za kuparuza.

Kwa watu wawili: ponda punje 2 za kitunguu saumu na pilipili 3, tia sukari guru kijiko kikubwa 1, kamba wadogo wakavu kijiko 1, karanga vijiko 2, maganda machanga ya kunde 3 yaliyokatwa. Gonga kidogo. Nyanya ndogo 5, maji ya ndimu vijiko 2, nam pla kijiko kimoja na nusu, kisha papai vikombe viwili. Mkono mmoja unagonga na mchi, mwingine unapindua na kijiko. Unachubua, hutwangi, papai lichoke kidogo na kunywa maji, libaki linakwaruzika mdomoni. Inaliwa na kuku wa kuchoma na mchele wa kunata, ambao hulowekwa saa kadhaa, ukapikwa kwa mvuke, ukaliwa kwa mkono, tonge kwa tonge.

Pad thai, tambi za mchele za kukaanga, naipitia haraka. Ni chakula kilichosukumwa na serikali ya waziri mkuu Plaek Phibunsongkhram, ileile iliyobadilisha jina la Siam kuwa Thailand mwaka 1939, na nyumbani kina sharti moja: kaanga sahani moja kwa wakati. Loweka tambi za mchele kwenye maji ya kawaida mpaka zipindike bila kuvunjika, zisichemshwe. Sosi yake ni rojo la ukwaju, nam pla na sukari guru, sehemu sawa. Ukijaza karai tambi za watu wanne, utapata uji.

Mezani

Vyakula vyote vinawekwa katikati kwa pamoja, kila mtu na wali wake. Chota kijiko kimoja au viwili vya chakula kimoja, ukile na wali, ndipo uhamie kingine. Kurundika vyote kwenye sahani kunachanganya ladha ulizohangaika kuzitenganisha. Wathai hulia kijiko, uma ukisukuma chakula kwenye kijiko. Vijiti ni vya tambi. Weka kibakuli cha prik nam pla: pilipili kichaa zilizokatwa ndani ya nam pla na maji ya ndimu kidogo. Anayetaka ukali atajiongezea, na hivyo unaweza kupika ukiwafikiria watoto na wazee.

Ukialika watu sita, massaman na marojo yote yafanyike usiku wa kuamkia siku hiyo. Rojo linalobaki lijaze kwenye trei za barafu uligandishe. Litakaa miezi hadi mitatu. Asubuhi zikune nazi, kata nyama na mboga zote, chemsha vichwa vya kamba. Saa moja kabla ya wageni pika wali na anza kukata tui. Supu iunganishwe wageni wakinawa mikono, pad kaphrao ifuate, na som tam itwangwe watu wakiwa wameshakaa, kwa sababu baada ya robo saa papai limeshatoa maji yake yote.